Uzi Usio na Fundo

Jumatatu, 7 Julai

Chai ya Baba asubuhi, kama kawaida. Nimeiweka kwenye kistuli mlangoni pa chumba chake, nikarudi nyuma, ndipo akanyoosha mkono wa kushoto akaichukua. Mkono wa kulia umelala mapajani. Nimemsalimia nikitazama ukuta. Amenijibu akitazama kuku wa jirani.

Ndivyo tunavyoishi. Kwa Wabukusu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, na mzee hawezi kulala chini ya paa la mtoto wake. Kwa hivyo kiharusi kilipomwangusha kule kwake Bumula, mimi na mume wangu Wafula tulimkodishia chumba kwa jirani, ng'ambo ya ua, hapa hapa mtaa wa Tuwan, awe karibu na hospitali. Mimi ni Mkikuyu wa Kitale. Kwetu mtu ukimpenda unamshika mkono. Nimeolewa miaka mingi na bado mkono wangu hunitoka wenyewe nikimwona. Naurudisha mfukoni haraka kama mwizi.

Leo kliniki. Yule dada wa mazoezi ya viungo, tunayemwita daktari, amemchoma kidole kwa ncha ya kalamu. Unasikia, mzee? Sisikii. Hapa je? Sisikii.

Nataka asikie. Sina ombi lingine mwaka huu. Baba mwenyewe amesema mwezi ukiisha bila dalili yoyote, anarudi nyumbani. Huko hakuna mazoezi. Ataketi tu kwenye kiti chake na mkono uliokufa, na mimi najua watu wanaoketi hivyo huishia wapi.

Jumatano, 9 Julai

Wafula amerudi na lori kutoka Mombasa. Mimi sikuletewa hata halua. Baba ameletewa uzi wa kuvulia.

Si uzi wa hapa. Umesukwa, mweupe, na ndani yake ni wazi kama mrija. Jamaa mmoja wa boti alimpa na kumweleza: nailoni inayobeba ndoano haifungwi fundo. Unaisukuma ndani ya uzi, urefu wa mkono mzima hivi, uzi unaimeza. Samaki akivuta, uzi unabana. Akizidi kuvuta, unazidi kubana.

Baba amevua samaki tangu utotoni. Tumempeleka mara mbili kwenye bwawa la rafiki ya Wafula, nje ya mji. Wafula humfunga fimbo kwenye mkono wa kulia kwa kipande cha leso yangu, naye anazungusha kwa kushoto. Shida ni lile fundo linalounganisha uzi na nailoni. Linakwama kwenye vile vipete vya fimbo vinavyopitishia uzi, na mtu mwenye mkono mmoja hana wa kulikwamua. Mara zote mbili samaki alikwenda zake.

Wafula ameeleza kwa mikono miwili na amesahau nusu. Baba amecheka. Cheko lenyewe limepinda upande mmoja, lakini ni lake. Nililisikia kutoka jikoni nikaacha sufuria ya maharagwe ikaungua.

Alhamisi, 10 Julai

Kazi hii inataka mikono miwili inayosikilizana. Wafula ana vidole vinene kama ndizi, mwenyewe anakubali, na tena amekwenda kupakia mahindi. Nimebaki mimi. Mimi ni msusi. Nyuzi ndizo zinazonilisha.

Nimelainisha ncha ya nailoni kwa tupa ya kucha. Baba ameketi ndani ya mlango wake. Mimi nimeketi nje kwenye ndoo iliyopinduliwa. Katikati yetu uzi. Yeye anasukuma nailoni kwa kushoto. Mimi nashika uzi, naukunja nyuma kama mtu anayepitisha kamba kwenye kiuno cha gaguro. Anasukuma, nakunja. Tumekwenda vizuri sana.

Kisha nikaliona tatizo. Kadiri nailoni inavyoingia ndivyo mikono yetu inavyokaribiana. Nami nimeona aibu kusema. Baba aliliona pia. Ilipobaki shubiri, akaacha kusukuma, akaiweka ncha yake juu ya kistuli, akarudisha mkono wake gotini. Ndipo nikaichukua, nikaisukuma mwenyewe, nikairudisha kistulini. Tumeendelea hivyo hadi jua la saa kumi, yeye anaweka, mimi nachukua.

Sijawahi kukaa na huyu mzee muda mrefu hivi. Nimefurahi hadi mgongo ulioniuma nimeusahau.

Ijumaa, 11 Julai

Kiungo kimekamilika. Mdomo wa uzi, pale nailoni inapoingilia, ulikuwa umetawanyika kama rasta za mteja aliyesukwa kwa haraka. Nikaufanya ninavyofanya saluni kila siku: nikawasha kiberiti cha gesi, nikauchoma kidogo, nikaubana kwa vidole. Ukawa safi. Nikauonyesha kutoka mbali. Baba akaitikia kwa kichwa. Macho yake si kama zamani.

Nimejivuna kutwa. Hata mteja ameniuliza, "Mamaa, leo umeokota nini?" Nikamwambia atulize kichwa.

Jumamosi, 12 Julai

Sitaki kuandika lakini naandika.

Bwawani. Mumi mkubwa, wale wa sharubu, alimeza ndoano hata chai haijamiminwa. Uzi ukapita kwenye vipete bila kukwama. Laini kabisa. Baba anazungusha kwa kushoto, uso wake wote umewaka. Wafula anapiga kelele. Mimi naruka kama mtoto. Kisha uzi ukalegea.

Nailoni ilikuwa imechomoka. Wafula akampa Baba ule mdomo wa uzi. Baba akausugua kwenye midomo yake kwa muda mrefu, maana vidole vya kushoto navyo vimechakaa kwa jembe. Pale nilipochoma pamekuwa pagumu kama punje ya mchele. Pagumu hapabani. Hata mimi nilielewa kabla hajasema.

"Nani amechoma hapa?"

Nikasema ni mimi, Baba.

"Mama Simiyu," akaniita kwa jina la mwanangu. "Hii si nywere."

Wafula alicheka, kisha akaacha. Nimejichukia. Hakuna samaki aliyeniuma roho hivi, na mimi hata mumi siwapendi, wananuka matope.

Jumatatu, 14 Julai

Kliniki. Unasikia? Sisikii. Hata hakungoja kalamu imguse.

Tulipofika nyumbani amemwambia Wafula wazi: Jumamosi nipeleke Bumula, na vitu vyangu vyote. Mwezi haujaisha. Wafula amekubali tu kama mwana anavyomkubalia babake. Nimemgombeza jikoni kwa sauti ya chini hadi koo likauma. Anasema, "Sasa nimfunge kamba?"

Nimemkasirikia Baba pia. Anatuacha kwa sababu ya samaki mmoja. Si samaki, najua. Alidhani kuna kitu kimoja ambacho bado anakiweza, nami nikakichoma kwa kiberiti cha gesi.

Wacha niandike jambo hili, hakuna atakayelisoma. Siku nilipoletwa Bumula mara ya kwanza, shangazi zake Wafula waliongea Kibukusu tu, kwa makusudi, nami nimeketi pale natabasamu kama mjinga. Baba alikuwa pembeni anakula. Akafuta mikono, akaanza kuzungumza Kiswahili. Kiswahili chake kibovu, r na l zimebadilishana viti. Akamuuliza kila mmoja swali kwa Kiswahili, na kila mmoja ikabidi ajibu kwa Kiswahili. Hadi leo nikiingia tu mahali alipo, anahama lugha katikati ya sentensi. Babangu mzazi alifariki kabla sijajua sauti yake. Huyu ndiye niliyepewa.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeamka nikakuta uzi na nailoni juu ya kistuli, kando ya kikombe kitupu. Baba yuko mlangoni ameshanyoa ndevu, upande mmoja vizuri, upande mwingine Mungu anajua.

"Reo tunarudia," akasema. "Na hiyo moto yako uache huko."

Tumerudia. Anasukuma, nakunja. Anaweka, nachukua. Safari hii amenifundisha jambo ambalo yule jamaa wa boti hakumwambia Wafula, au Wafula alilisahau. Nailoni ikishamezwa, usiivute kuijaribu. Kamua. Shika uzi pale juu, teremsha vidole taratibu kuelekea kwenye mdomo, kama chuchu ya ng'ombe. Uzi unanyooka, unalala juu ya nailoni, unaishika. Nilikuwa navuta.

"Usivute. Kamua. Porepore. Ukiharakisha hakuna maziwa."

Nimekulia kwenye ng'ombe, nikaelewa mara moja. Mdomo wa uzi nimeufunga kwa uzi mwembamba wa kushonea nywele za bandia, mizunguko mingi iliyobanana, kama ninavyofunga mwanzo wa mstari kichwani. Nikauliza kama niongeze gundi ya saluni. Ameniangalia usoni, jambo ambalo hafanyi, ili tu nione jinsi hataki.

Wafula akafunga ndoano kwenye msumari wa ukuta, akavuta hadi shingo ikamtoka mishipa. Kiungo kimekaa. Baba amefurahi lakini begi lake liko kitandani, limefungwa.

Jumamosi, 19 Julai

Bumula. Vitu vyake tumeshusha, nyumba nimefagia, kitanda nimetandika. Kisha Baba akataka mtoni kabla hatujaondoka. Sikupaswa kwenda. Nilikwenda.

Mvua ilinyesha jana, mto umejaa na una rangi ya chai. Wafula amemkalisha kwenye kiti chake, akamfunga fimbo mkononi kwa leso. Kisha akakumbuka wavu uko kwenye gari. Akaenda. Nimebaki nyuma ya kiti cha Baba, mbali kama inavyotakiwa, nikishika sweta yake.

Samaki akaja papo hapo. Fimbo ikapinda. Baba akazungusha, uzi ukalia. Nikapiga kelele Wafula, Wafula. Wafula hasikii, maji yana makelele. Kisha nikaona leso inafunguka. Nilikuwa nimeifua juzi kwa sabuni nyingi, imekuwa telezi. Ule mkono wa kulia ukaanza kuteremka kwenye fimbo, wazi, bila nguvu, na fimbo inaelekea mtoni, na Baba anaitazama inavyokwenda.

Sikufikiri. Nilipita mbele, nikaushika mkono wake wa kulia pamoja na fimbo, nikaubana kwa mikono yangu yote miwili. Alishtuka mwili mzima. Nikasema, "Zungusha, Baba." Akazungusha.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Mkono wake una mifupa mikubwa. Mimi nalia na kucheka na kamasi. Kiungo kikapita kipete cha kwanza, cha pili, bila hata kugonga. Kilishika. Wafula alipofika na wavu, mumi alikuwa ameshalala kwenye majani anapiga mkia, na sisi wawili bado tumeshika.

Tuliachana pamoja, kama watu walioungua. Wafula alimtazama babake, akanitazama mimi, akainama kushughulika na samaki. Baba aliuinua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaurudisha mapajani.

Jumapili, 20 Julai

Tumelala Bumula, mimi na Wafula kwenye kile kibanda chetu cha zamani. Asubuhi nimepeleka chai. Baba hakuitikia salamu. Hakunyoosha mkono hadi nilipoingia jikoni. Kanisani aliketi upande mwingine kabisa na hakugeuka hata mara moja.

Nimeharibu. Nimemwuliza Wafula kama kuna kitu cha kufanya, kuku wa kuchinjwa, wazee wa kuitwa, chochote. Anasema hajui, aliyekuwa anajua mambo hayo ni marehemu mamake, na mwingine anayejua ni Baba mwenyewe, na nani atamuuliza? Ananiambia ilikuwa ajali. Najua ilikuwa ajali. Lakini nimemvunjia mzee heshima yake siku ileile alipoipata, na naogopa kwamba hatanitazama tena. Ningeachilia fimbo iende. Hapana, nisingeiachilia. Huo ndio ukweli wangu, na unanitisha.

Jioni amemwambia Wafula atakuja Kitale Jumanne kwa ile kliniki aliyoandikiwa. Mara moja tu, kumuaga yule dada vizuri. Amemtunza, amesema. Si adabu kupotea tu. Mumi tulimla. Sikumaliza sahani yangu.

Jumanne, 22 Julai

Kliniki. Mimi nimesimama karibu na mlango, Wafula kando ya kitanda. Dada amechukua kalamu yake. Kidole gumba. Unasikia, mzee?

Nilijua jibu, nikaanza kutazama chati ya mifupa ukutani.

"Hiyo sisikii," akasema. Halafu, akiangalia sakafu, polepole kabisa: "Rakini Jumamosi nirisikia."

Dada akaweka kalamu chini. Ulisikia nini?

"Mukono ya mutu. Irikuwa baridi."

Dada amefurahi sana, ameshika ule mkono, ameukandakanda kila mahali, amesema mishipa hurudi hivyo, kidogo, na sasa si wakati wa kuacha. Akauliza ni nani alimshika, ili amwonyeshe mtu huyo mazoezi ya nyumbani. Wafula akakohoa, akasema atajifunza yeye.

Tulipokuwa tunatoka Baba amemwambia Wafula, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha nisikie mimi niliye nyuma: mpigie jirani simu, kile chumba asikipangishe.

Nimewaambia watangulie kwenye gari. Nimevuka barabara hadi kwa mama wa matunda, nimenunua ndizi ambazo hakuna aliyeziomba, nikasimama nazo pale hadi macho yakakauka.