Ramani ya Mafuta ya Isihaka

Masuguru, Korogwe
14 Juni 2025

Kwako Shangazi Zamda,

Shikamoo shangazi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote hapo Sindeni. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya asubuhi inatutoa machozi, na mengine si ya baridi. Tangu tumzike ndugu yangu Isihaka sijashika spana kwa moyo.

Ulisema simu ndiyo iliyokuletea habari ya kifo cha mwanao na hutaishika tena. Basi nakuandikia kwa mkono, na Matayo wa basi la Coaster atakuletea. Wewe uliyewafundisha ngumbaru kata nzima, usinicheke mwandiko.

Kuna jambo moja. Siku ya mazishi, watu wakiwa makaburini, niliingia bandani ilikowekwa pikipiki nikafungua kile kisanduku cheusi chini ya kiti. Nilikifunga mimi mwezi wa nne. Pikipiki ile haina kabureta; ina kompyuta ndogo inayoiamuru nozeli imwage mafuta kiasi gani. Kisanduku changu kinakaa katikati na kuibadili amri hiyo kwa kufuata ramani ninayoichora mimi. Ni jedwali la vyumba vidogo tu, kila chumba kinasema ongeza au punguza. Tena kinaweka kumbukumbu ya kila safari. Nimekichukua kisije kikaliwa na panya, kwa hiyo usihangaike kukitafuta.

Mwanao,
Zaidi


Sindeni, Handeni
19 Juni 2025

Mwanangu Zaidi,

Marahaba. Mimi nipo. Mahindi tumeshavuna, yamelala uani yanasubiri kupukuchuliwa, na mpukuchuaji hayupo. Wasalimie hapo nyumbani.

Panya! Miaka yote panya wa bandani kwangu wanakula mahindi, leo wamejifunza kula nyaya? Unajua fika kwamba kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka arobaini ifike, tukae, tugawe. Hata kandambili zake ziko mlangoni palepale alipozivua. Ni wewe peke yako uliyetia mkono.

Lakini kwa kuwa umeshakichukua, kifanye kazi. Mzee Afisa wa hapa kijijini alisema matangani, na mimi nasikia, kwamba Isihaka alikuwa anakimbiza pikipiki kama mwehu, ndiyo maana ikamtupa pale mwinukoni. Sasa kijiji kizima kinasema mwanangu amejiua mwenyewe. Zaidi, ilikuwa siku tatu kabla ya Idi. Alikuwa amebeba mchele na trei nzima ya mayai. Nani anakimbia na mayai? Kisome hicho kisanduku uniambie alikuwa anakwendaje. Sina kingine ninachokitaka duniani.

Na jingine, usinione nimechanganyikiwa. Unakumbuka alivyokuwa akifika darajani anapiga resi tatu fupi, ili nibandike chai, akimaliza kupanda mwinuko aikute? Tangu siku uliyoondoka nacho, kila baada ya Alasiri nasikia resi tatu. Kisha inapanda, inapanda, halafu kimya. Barabarani hapana mtu. Pikipiki yake iko bandani imekunjika, haina betri, na nimeigusa injini, ni ya baridi. Lakini kuku wangu wakisikia, wanakimbia kutoka barabarani.

Shangazi yako,
Zamda


Masuguru
27 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za huko, na mahindi? Mimi mzima kiasi. Usingizi umenikimbia kidogo, lakini hilo ni la ujana.

Nimekiunganisha kisanduku na kompyuta kama ulivyoagiza. Bahati mbaya kumbukumbu zake zimeungua, hakuna kinachosomeka. Mzee Afisa mpuuze, yule hata punda wake humsingizia mwendo kasi. Na hiyo sauti, shangazi, masikio ya mfiwa husikia mengi. Barabara ile ina bodaboda wengi siku hizi. Mwombe Rukaya wa jirani aje kukaa nawe jioni, upate wa kuzungumza naye.

Ila niambie, huwa unaisikia saa ngapi hasa?

Mwanao,
Zaidi


Sindeni
2 Julai 2025

Zaidi,

Marahaba. Nimetazama saa ya ukutani siku nne mfululizo. Ni saa kumi na dakika kumi na mbili. Kama ni masikio ya mfiwa, wewe saa unaitakia nini?

Jana nilikwenda kusimama mwinukoni, mahali penyewe. Rukaya alikataa kunisindikiza. Resi tatu zikasikika darajani, kisha sauti ikapanda hadi nilipo, na kadiri ilivyokaribia ndivyo ilivyozidi kuwa nyembamba na kavu. Nikasikia harufu ya chuma kilichoungua. Ikakatika miguuni pangu. Halafu tairi likaburuzika, halafu mayai yakapasuka, moja baada ya jingine, trei nzima. Nilitazama chini, na vumbi lilikuwa kavu kabisa. Nimeogopa, mwanangu. Nilimzaa mwenyewe na nimemwogopa.

Arobaini ni Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Uje, na uje nacho. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shangazi yako,
Zamda


Masuguru
21 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia. Sikuja arobaini, na najua watu waliuliza.

Nilipanda Coaster, Matayo ni shahidi. Kisanduku nilikiweka kwenye begi, hakina waya wala betri. Tulipokaribia daraja la kwenu kikaanza kupata moto. Kilinichoma paja. Niliomba kushuka, nikarudi kwa miguu mpaka giza likanikuta njiani.

Nilikudanganya. Kumbukumbu hazikuungua. Nilizisoma zote siku ileile ya mazishi, na ndiyo sababu nilikichukua. Hakukuwa na panya.

Isihaka aliniomba nimpunguzie ulaji wa mafuta. Kazi hiyo ina utaratibu wake: unapunguza kidogo, unaingia barabarani, unapanda mlima na mzigo, unaangalia moshi na joto, unarekebisha chumba kimoja kimoja. Mimi nilichukua ramani niliyomchorea Habakuki, anayezunguka hapa mjini kwenye tambarare na begi la vitabu, nikamwekea ndugu yangu kama ilivyo. Pikipiki ni za aina moja, nikasema itatosha. Nilitaka kuwahi mpira, shangazi. Mpira tu. Nikamwambia Jumamosi aje tukaijaribu milima ya Lutindi. Hakuja, na mimi sikumkumbusha, kwa sababu alikuwa ananisifu kila kijiwe kwamba mafuta hayaishi.

Injini inayonyimwa mafuta huku inapanda na mzigo huungua. Siku ile mkono wake ulikuwa umefungua mafuta theluthi moja tu. Gia ya tatu. Hata kilomita arobaini kwa saa hazifiki. Alikuwa anakwenda kama mtu aliyebeba mayai. Joto likapanda, injini ikanoki, ikagoma kuzunguka, gurudumu la nyuma likashikwa ghafla. Hakukosea chochote. Niliyemuua ni mimi na uvivu wangu.

Na uliyoyasikia, mimi nayasoma. Kisanduku kiko rafuni, hakijaungwa na kitu, na kila siku saa kumi na dakika kumi na mbili kinaandika safari mpya: resi tatu, theluthi moja, gia ya tatu, inaishia kwenye chumba kilekile. Nimefuta mara nne. Kesho yake ipo.

Jana nimekaa tangu alfajiri nikaichora upya, ramani yake mwenyewe, kila chumba cha mlimani nikakirudishia mafuta yake. Kuijaribu sikuweza. Matayo anakuletea kisanduku kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Kirudishe chini ya kiti. Na barua hii mpe imamu aisome mbele ya watu, mzee Afisa akiwepo. Nisamehe ukiweza.

Zaidi


Sindeni
26 Julai 2025

Zaidi, mwanangu,

Marahaba. Nimeitikia.

Barua yako ilisomwa jana baada ya sala ya Ijumaa. Mzee Afisa alilia, akaja mpaka mlangoni kuniomba radhi. Jina la mwanangu limesafishika. Mimi nimekukasirikia siku tatu, sikula, nikakuapiza kwa maneno ambayo sitayaandika. Leo asubuhi nimekusamehe. Nimekulea wewe pia, na sina mtoto mwingine wa kumpoteza.

Kisanduku nimekifunga kwa kamba chini ya kiti leo, baada tu ya Adhuhuri. Naandika haraka, Matayo anapita saa kumi na moja kurudi huko.

Saa kumi na dakika kumi na mbili, resi tatu darajani. Nikabandika chai. Ikapanda, Zaidi, na sauti ilikuwa nzito, imeshiba, kama ilivyokuwa siku aliyoinunua. Pale mahali ikapita. Ikaja mpaka hapa uani, ikasimama inanguruma taratibu, kuku wakatawanyika, mahindi yakapeperuka makapi. Nikammiminia kikombe chake. Nikamwambia karibu baba, vua viatu.

Hakuvua. Kandambili zake hazipo tena mlangoni. Sauti ikageuka uani, ikashuka mwinuko, ikavuka daraja, ikashika barabara ya Korogwe. Nilimwita kwa nguvu zangu zote, hakusimama.

Kwa mwendo wake wa mayai ni saa moja na kidogo hadi Masuguru. Najua atamtangulia Matayo na barua hii. Ukizisikia resi tatu, usijifungie, bandika chai. Mimi nimekusamehe yangu. Ya kwake mtazungumza wenyewe.

Shangazi yako,
Zamda