Vyuma vya Miguu ya Nyanya

Kericho,
19 Agosti 1956

Kwa dada yangu mpendwa Mellen,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Baba na Mama, na kwa majirani wote wa laini yetu ya nyumba za wafanyakazi, ambao kila asubuhi wananiuliza kama umejifungua. Natumaini miguu imeacha kuvimba, na kwamba shemeji bado anakuchotea maji kama alivyoahidi. Sisi tuko wazima, ila mvua ya mawe imepiga majani ya chai na wachumaji wamekaa bure.

Uliniomba nikusimulie mazishi ya Nyanya Nyatichi kana kwamba ulikuwepo. Nimechelewa kwa sababu kuna jambo ambalo sikujua kama naweza kuliandika.

Alifariki asubuhi, akiota jua mlangoni, kikombe chake cha chai kikiwa bado cha moto. Alikuwa ametoka kulalamika kwamba wazungu wanakunywa majani mazuri na kutuachia vumbi, kisha akaomba aongezwe.

Maneno yalianza siku hiyo hiyo, na unaweza kukisia yalihusu nini: ebitinge, vile vyuma alivyovishwa miguuni alipoolewa. Mzee Bethwel wa kanisa alisema hawezi kumzika na mapambo ya gizani. Mama akamjibu kwamba kwa ajili ya mapambo hayo hayo walimnyima ubatizo miaka yote, naye akakaa benchi la mwisho akiimba kuliko waliobatizwa. Mzee Bethwel akakubali kwamba sauti ile wataikosa, lakini hakulegea.

Baba alikuwa katikati. Alijua kwamba kwa desturi vyuma huvuliwa mume akizikwa, na Babu Kebaso, aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, hakuna ajuaye alikolala. Lakini alitaka mama yake aimbiwe. Mwishowe akaenda karakana ya kiwanda, akaazima msumeno wa chuma.

Unakumbuka tulivyoamshwa na vyuma vile vikigongana, tukajua Nyanya anawasha moto. Na wanawake wa laini walivyomtania kwamba Babu akirudi atamkuta bibi arusi hana jino! Kila mtu alisema anamngoja mumewe. Yeye alicheka tu.

Sasa lile jambo. Nilipofunga chuo nilimkuta amekonda sana. Siku moja nikimwosha miguu, chuma kimoja kiliteleza kisiginoni kikabaki mkononi mwangu. Nilishtuka mimi, yeye hakushtuka. Aliniambia nipasue leso kuukuu nivifungie kwa ndani visianguke. Nami, kwa maringo yangu ya chuo, nikamwambia kwamba Babu hawezi kurudi tena.

Akasema anajua. Mellen, alijua tangu vita vilipoisha. Mtu aliyebeba mizigo pamoja na Babu alimkuta Nyanya mtoni akamwambia kwamba yeye mwenyewe alimfukia Babu kando ya njia. Akamsihi mtu yule anyamaze, naye akanyamaza mpaka akafa. Kwa maana habari ikijulikana, vyuma vingevuliwa, naye angekuwa mjane wa kurithiwa na Nyaberi, ndugu ya Babu, aliyekuwa akimpiga mkewe mbele ya watu. Lakini mke wa mtu aliye safarini haguswi. Basi akalima shamba lake, akamlea Baba, akamfuata huku kwenye chai bila kuomba ruhusa ya mtu. Alitaka kitu kimoja tu kwangu: Nyaberi avikute miguuni mwake mpaka mwisho.

Kwa hiyo Baba alipoleta msumeno, nilikuwa nimekaa pale miguuni, maana mimi ndiye niliyemwosha. Vidole viwili vingetosha kuvivua. Nikamwambia Baba kwamba vyuma vimeshika mfupa, na atakayevikata atamkata mama yake. Baba aliutazama mguu ule mwembamba, akaweka msumeno chini, akalia.

Mzee Bethwel akatoka bila kuaga. Lakini tulipompakia Nyanya kwenye lori, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, akisema kwamba barabara si kanisa.

Tulimzika kwetu Kisii, upande wa kushoto wa nyumba yake. Babu Nyaberi alikuja akiongozwa, macho yameisha. Aliomba ashikishwe miguu ya marehemu. Akavipapasa vyuma, chuma kwa chuma, kisha akawahutubia watu: wasichana wa siku hizi wajifunze hapa, kwani yeye katika maisha yake hajaona mwanamke aliyemngoja mume namna hii. Watu wakalia sana. Mimi niliuma leso yangu nisicheke, nao wakadhani ni uchungu. Uchungu nao ulikuwepo, sikatai.

Msalimu sana shemeji. Msomee barua hii, lakini ukomee pale kwenye mvua ya mawe. Mama anakutumia wimbi kwa ajili ya uji, na Baba anasema ujitunze.

Ukijaliwa msichana, najua utampa jina la Nyanya. Watu watamwambia kwamba Nyatichi alikuwa mwanamke wa kungoja. Wewe usimwambie hivyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Elmina