Friji Yetu na Mawe ya Misri

Jumanne

Bon, haya, friji imefika juu. Mgongo wangu ndio sijui kama utafika kazini kesho.

Ilikwama katikati ya ngazi. Tulikuwa mimi na mama watatu wa kwaya, na binti yangu Neema ngazi za juu na karatasi ya kazi yake ya shule, anatusomea jinsi watu wa Misri walivyopandisha mawe ya piramidi.

"Mama, wengine wanasema walimwaga maji, jiwe liteleze."

Nikamwaga maji ya sabuni. Aliyeteleza ni mmoja wetu, Mama Furaha.

"Wengine wanasema walijenga mteremko."

Tukaweka ubao wa kitanda. Ukavunjika.

Mama Furaha, nguo zimelowa, akamuuliza, "Mtoto wangu, hao watu hawakuimba?"

Tukaimba wimbo wa Jumapili. Kila kiitikio, tunasukuma. Beti tatu, friji juu.

Sasa nimeona karatasi ya Neema. Mwishoni ameongeza: waliimba. Na pale pa kuandika vitabu alivyosoma, ameandika jina langu. Mimi, niliyeishia darasa la tatu. Mwalimu akimcheka je?

Nilikwenda kumwambia afute. Nikamkuta amelala, nikarudi jikoni.

Donc, basi, mwalimu akiuliza, aje aone friji iko wapi.