Maziwa ya Namba 117

Jumatatu, 2 Juni 2025

Gentrix amenipa daftari. Kila kosa ninaloona kwa mashine yake niandike huko mbele. Sawa. Kurasa hizi za nyuma ni zangu, asifungue.

Mjukuu wangu huyu anatengenezea chama chetu cha maziwa programu. Jumatatu ijayo karani hataandika tena kwa kitabu, atabonyeza tableti. Ni kazi yake ya kwanza bila mkubwa wa kumsimamia. Amekuja kutoka mjini, Amalemba, na laptopu na nguo za wiki nzima — na hata robo ya sukari hakubeba! Nimemwambia. Amecheka.

Ati programu haipelekwi kwa watu moja kwa moja. Kuna seva tatu. Ya kwanza ni yake, huko anaharibu na kutengeneza. Ya pili ni ya kujaribia. Ya tatu ndiyo ya watu, wanaiita laivu, na huko hakuna mchezo. Akanichorea vijumba vitatu kama mtoto wa nasari. Nikamwambia wacha kunifundisha kupika! Mboga ya murere inachemka kwa chungu. Halafu unadondosha kidogo kwa kiganja cha mtu mwingine, aonje. Ndiyo mgeni apakuliwe. Kwa kiganja cha mwingine, sio chako. Ulimi wa mpishi umezoea chumvi yake.

Akasema, basi Kukhu, kiganja ni wewe.

Darasa la nne niliachia, na leo nimeandikwa kazi.

Jumanne, 3 Juni

Nimeingiza lita mia saba za asubuhi. Mashine ikasema asante. Asante! Ng'ombe gani huyo? Nimemgombeza Gentrix, naye amepiga makofi. Wengine hufurahia mapacha, huyu anafurahia makosa. Anasema kosa likionekana kwa seva ya pili ni baraka, likionekana kwa ya tatu ni aibu.

Makosa ya leo manne. Goti linaloniuma limetulia. Kumbe kazi ya kukaa ni tamu.

Jumatano, 4 Juni

Wale watu wa seva ya kujaribia sikuwapenda tangu mwanzo. Mtu wa Kwanza, Mtu wa Pili, Mtu wa Tatu. Hawana ukoo, hawaugui, hawafi. Nikamwambia weka watu wa kwetu. Akaomba ruhusa kwa Chrispinus, meneja wetu, akaingiza orodha ya kweli.

Nikabonyeza namba yangu, 117. Maandishi mekundu! Mwanachama amefungwa. Marehemu.

Nikabonyeza tena, ni hivyo hivyo.

Namba hiyo ni ya Joash Shikanga, mume wangu. Amelala kando ya migomba miaka kumi na moja sasa. Na kila asubuhi maziwa yanafika kituoni kwa jina lake, mimi ndiye nayabeba. Karani anajua. Kila mtu anajua. Boma halibadilishi jina eti kwa sababu mwenyewe amelala.

Gentrix akasema Chrispinus ndiye alitaka waliokufa wafungwe, orodha iwe safi. Nikamuuliza, na Rosebella jirani yetu, analeta kwa namba ya nani? Tukahesabu wajane. Thelathini na wanne! Jumatatu wote wangerudishwa getini na mitungi yao. Maziwa yachachie njiani.

Mtoto akashika kichwa. Kwa seva yake hakuna aliyewahi kufa, angejuaje? Nimempa uji. Nikamgombeza baada ya uji.

Alhamisi, 5 Juni

Chrispinus amekuja. Amekunywa chai yangu vikombe viwili ndiyo akasema wajane walete karatasi za korti za kurithi. Nikamuuliza, mamako anapeleka maziwa kwa namba ya nani? Akaangalia kikombe.

Basi akabadilisha wimbo. Gentrix arekebishe huko huko kwa laivu, kitu kidogo tu, nani atajua? Wageni wa kaunti wanakuja Jumatatu na viti vimeshakodiwa. Nikaona mtoto anataka kukubali. Nikasema wewe Chrispinus, siku ya wakwe zako uliwapakulia obusuma, ugali mbichi, kwa sababu viti vimefika?

Hapo Gentrix akaongea. Hapana, meneja. Kwangu kwanza, kisha kujaribu, kisha laivu. Isipopita kufikia Jumapili, karani atatumia kitabu, na mimi nitasimama mbele ya wageni niseme haiko tayari.

Chrispinus akasema ukisimama ukasema hivyo, kazi nyingine kwetu usitafute. Akaenda. Mkate wangu ameumaliza.

Nimechinja ingokho, kuku mzima. Sijamwambia kwa nini.

Jumamosi, 7 Juni

Amepata! Namba inabaki ya Joash. Chini yake kuna mstari, anayeleta: na hapo niko mimi, majina yote mawili. Nimemwambia aweke herufi kubwa. Joash hajafutwa na mimi sijafichwa. Nimeisoma mara tatu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa wajane kumi na wawili wamejaa sebuleni kwangu, kila mmoja ajaribu namba yake. Chai sufuria mbili. Rosebella anabonyeza kama anaua chawa. Ikamkubali, akapiga kigelegele. Akaja mke mwenzake — marehemu wao ni mmoja, namba moja, ng'ombe mbalimbali. Mashine ikamwambia maziwa ya leo yameshaletwa. Wee! Akamgeukia Rosebella, umeiba mpaka kwa kompyuta? Tulicheka, lakini Gentrix hakucheka. Hakuwahi kufikiria wake wawili. Wajukuu wa siku hizi wanajua nini?

Akarudi kwa seva yake ya kwanza. Sikumruhusu mtu kuondoka. Saa kumi akaileta tena kwa ya pili, sasa kila mke ana mstari wake chini ya namba moja. Wote kumi na wawili wakaanza upya kutoka mwanzo. Imepita.

Saa kumi na mbili jioni ameihamisha kwa ya tatu. Kidole kimoja tu! Nilidhani kutakuwa na ngoma.

Hakula vizuri. Nimemwambia chungu kimeonjwa, lakini mgeni bado ana mdomo wake.

Jumatatu, 9 Juni

Naandika nimekalia mtungi, kituoni. Mimi ndiye wa kwanza kwa foleni. Rosebella yuko nyuma yangu na mwenzake, leo wamekuja pamoja. Ng'ombe ametoa vizuri, lita kumi na moja.

Wageni wameketi. Chrispinus amevaa suti. Amekileta kile kitabu cha zamani, amekificha chini ya kiti chake akidhani sioni. Naona! Wacha kikae hapo. Angalau amejifunza kitu.

Karani anawasha tableti. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Gentrix amesimama kando yake na haiangalii, ananiangalia mimi. Nguo hakupiga pasi, na leo, siku ya watu wote!

Mtungi wangu uko kwa mizani. Karani ameita, Joash Shikanga! Nimejibu kwa sauti mpaka wageni wamegeuka: mimi hapa.

Anabonyeza —