Kazi ya Kuketi

Baba,

Nilipata ile kazi. Waliniita wiki ya tatu baada ya kukuzika. Niko ofisi ya shamba, kwenye meza ya dirishani, lile dirisha ulilokuwa ukinisimamisha nje yake nikienda shule. Mvua imekulowesha hadi mifupani, kapu la majani chai mgongoni, unanionyesha karani aliye ndani. "Dana, unamwona huyo? Anafanya kazi ameketi." Uliniita Dana, yaani bibi, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. Nami nilicheka, sikuona kuketi ni kitu cha mtu mzima kutamani.

Sasa nimeketi, Baba. Kiti kina magurudumu.

Napokea simu, napanga mafaili, napiga chapa barua na kuzipeleka. Siku nne za kwanza nilikuwa na furaha, na sikufichi, nilikusahau kidogo. Siku ya tano Madam Chelangat, mkuu wa ofisi, aliniwekea faili yako mezani. Unajua sheria ya nyumba za shamba. Mfanyakazi akifariki, familia inahama mwisho wa mwezi. Wewe mwenyewe uliwahi kuwasaidia majirani kufunga magodoro yao. Barua iko tayari kwenye kompyuta, ni kubadilisha jina na namba ya nyumba tu. Namba ilikuwa kumi na saba. Jina lilikuwa la Mama.

Niliificha chini ya mafaili mengine siku mbili. Nilimwuliza Madam kama mimi siwezi kupewa ile nyumba, maana nami ni mfanyakazi. Akasema kibarua wa miezi mitatu hapewi nyumba. Hakuwa mkali. Alinipa pole, kisha akasema, "Ukishindwa niambie tu. Wako wengi wanangoja hicho kiti."

Nikaipiga chapa ile barua. Nakala mbili, moja ya faili.

Niliomba kuipeleka mwenyewe, asije askari wa shamba. Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Alifuta mikono kwenye leso, akaishika karatasi, akapitisha kidole kwenye mistari asiyoweza kuisoma. Akauliza kama ni mimi niliyeipiga. Nikasema ndiyo. Baba, alifurahi. Alisema imenyooka kama chai iliyopogolewa vizuri, akamwita jirani aje aone kazi ya mtoto wake. Jirani anajua kusoma. Aliisoma, akairudisha, akaenda zake.

Mama alinitazama. Akavuta kigoda chako, akakipangusa.

"Keti," akasema. "Keti unisomee."

Nikamsomea. Kisha akaweka kidole gumba kwenye kitabu cha kupokelea barua, mahali nilipomwonyesha.

Sijui kama hii ndiyo kazi uliyoniombea kanisani miaka yote. Nikiiacha, tutakula nini? Nikibaki nayo, kila barua ya namna hii nitaipiga mimi. Nimechoka, Baba, na sijamaliza hata mwezi.

Jumamosi ya mwisho namleta Mama nyumbani, ulikolala. Kapu lako amekataa kuliacha, anakuja nalo. Nitashinda nanyi siku moja, kisha nirudi kazini, Boito, kwenye chumba nilichopanga.

Nakuahidi lile ninaloliweza. Kwa barua zitakazofuata sitamtuma askari. Nitazipeleka mwenyewe, mlango kwa mlango, na nitawasomea nimesimama.

Lala, Baba.

Dana wako