Shuka la Semboja

Kambini, Korogwe
4 Machi 1956

Kwa shangazi yangu mpenzi Mwanaidi,

Shikamoo shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mwanao dada Mwaija na wote wa hapo Kwaluguru. Sisi huku hatujambo, isipokuwa miiba ya mkonge, na hiyo umeshazoea kuisikia.

Shangazi, Grasiana amejifungua mtoto wa kiume. Ni mzima, ana sauti ya kuitia watu toka shamba la pili. Najua ulitaka kumtoa nje na kumtaja jina kwa mikono yako siku ya saba, lakini mvua zilikata njia, basi mama mkwe wangu Bernadina ndiye aliyemtoa.

Tumemwita Finbari. Ni jina la Bwana Finbari, Mwairishi anayesimamia korona, ule mtambo wa kukamua mkonge. Mpishi wake anasema ni jina la kale sana kwao, la mababu. Nimempa mtoto jina hilo ili bwana awe somo wake. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu akishakuwa somo wa mtoto, shida za mtoto ni zake pia. Nami nataka kuacha kukata mkonge, niingie karakana. Usinikasirikie.

Ni mimi mwanao,
Mbaruku

Kwaluguru, Handeni
21 Machi 1956

Mwanangu Mbaruku,

Marahaba. Hujambo? Grasiana hajambo? Na huyo mtoto, hajambo? Mimi mwili ni mzima. Anayeniandikia ni Mwaija. Tumbo limemfika kifuani lakini mkono bado mwepesi, na nimemwambia aandike kila neno bila kulilainisha.

Mvua gani iliyokata njia? Muuza tumbaku ametoka huko Korogwe juzi, kafika hapa na miguu mikavu. Sema tu hukutaka nije.

Baba yako Semboja alipopanda treni hapo stesheni ya Korogwe kwenda vitani, walikuwa wamekwisha kumvisha kaki za Serikali. Akanipa shuka lake. Akaniambia, "Dada, mtoto wa kwanza wa Mbaruku abebwe na hili." Ulikuwa umeshika kidole changu, unamlilia. Kaka yangu akafia Burma, na kaburi lake hatulijui. Sina pa kwenda kumsomea dua. Pahali pake pa kukaa ni jina, na jina lile lilikuwa linamngoja mwanao. Kila Ramadhani nalifua lile shuka, nalianika, nalirudisha sandukuni. Leo pahali pa baba yako umemkalisha mtu anayekunywa chai barazani kwake, hata habari hana! Ulimwuliza? Alikubali?

Nina hasira, lakini wewe ni mwanangu. Mlete kabla ya arobaini. Nitamtoa upya mlangoni, na hakuna atakayekucheka.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanaidi

Kambini, Korogwe
2 Aprili 1956

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nashukuru kusikia mu wazima. Nilimsomea Grasiana, akalia.

Sasa nisikilize na mimi. Jina la Semboja limenipa nini? Aliondoka nikiwa sijui hata kufunga kaptura yangu. Watoto wenzangu walikuwa na baba, mimi nilikuwa na shuka kwenye sanduku lako. Tangu nimefika kambini hakuna aliyeniuliza mimi ni mwana wa nani. Wanauliza nimekata matita mangapi. Finbari yuko hai, namwona kila siku, na neno lake moja linaweza kunitoa juani. Sitaki mwanangu amrithi mtu ambaye hakurudi.

Sitamleta.

Mbaruku

Kambini, Korogwe
18 Agosti 1956

Kwa shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo shangazi, shikamoo tena. Hujambo? Dada Mwaija alijifungua salama? Tangu Aprili sijapata neno lako, wala sikulaumu.

Bwana Finbari alikuwa likizo kwao. Aliporudi, Grasiana akamvika mtoto nguo nyeupe, tukaenda naye mpaka barazani. Nikamwambia, "Bwana, huyu ni somo wako." Nilidhani atafurahi. Akaweka kikombe chini, akaniambia kwa Kiswahili chake: "Kwetu Ayalandi mtoto ya kwanza mwanaume, jina iko ya babu. Baba ya baba. Mimi Finbari, babu yangu Finbari. Baba yako jina nani?"

Nikasema, "Semboja, bwana."

"Sasa kwa nini mimi?"

Grasiana alikuwa pembeni yangu, na mpishi amesimama mlangoni anasikia yote. Bwana akampa mtoto biskuti, akarudi kwenye chai yake. Karakana sikuitaja, naye hakuitaja. Bado nakata mkonge.

Niliona haya njia nzima. Mzungu amemweka babu yake palepale uliponiambia nimweke baba yangu, na mimi nikamwondoa kwa ajili ya babu wa mtu mwingine. Nisamehe. Nikipata jibu lako nitamleta. Toa shuka sandukuni, umtoe nje wewe mwenyewe, aitwe Semboja.

Ni mimi mwanao,
Mbaruku

Kwaluguru, Handeni
30 Septemba 1956

Mbaruku,

Marahaba. Mkeo na mtoto hawajambo? Huu si mwandiko wa Mwaija. Nimemwomba mwalimu Mhina wa chuoni, maana Mwaija mikono yake ina kazi. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima.

Mwaija alijifungua mwisho wa Aprili, mtoto wa kiume. Arobaini ya mwanao ilikuwa imepita, na barua yako ya "Sitamleta" ilikuwa chini ya mto wangu. Siku ya saba nikamfunga shuka la kaka yangu, nikamtoa mlangoni, nikamtaja Semboja. Ni jina la mjomba wa mama yake, ni haki yake. Wazee wakasoma dua. Na unajua tangu utoto kwamba kwetu jina la marehemu haliwekwi kwa watoto wawili walio hai.

Barua yako ya Agosti ilinikuta nimempakata. Nililia, Mbaruku, usidhani sikulia. Nilitaka hata kumvua lile shuka nikuwekee. Nikamwita kwa jina, akageuka.

Mlete Finbari. Atakula, atalala, atacheza na mdogo wake. Ila usiniombe kufungua sanduku, halina kitu.

Ni mimi,
Bibi yake Semboja