Msumari wa Sponji Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Kikombe kimeanguka tena. Cha tatu mwezi huu — na mwezi ndio kwanza una siku tatu! Nimekilaumu kikombe. Nimeilaumu sabuni. Mama akauliza kama vikombe vya siku hizi vina miguu. Nikacheka kwa sauti kubwa mno.

Ukweli nauandika hapa tu. Vidole vinakufa ganzi, vya kushoto zaidi, kwa sababu mkono huo ndio unaoshika mbele, karibu na sponji inayozunguka. Mashine ya kung'arishia magari inatetemeka. Naizima, lakini mkono haujapata habari, unaendelea wenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekuwa mhandisi. Kuna jamaa kwenye video ya simu anasema mtetemo unapungua ukivika mshikio kitu laini. Nikakata kipande cha godoro kuukuu, nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, nikafunga kwa utepe. Mshikio ukanenepa kama paja. Ili usiniponyoke nikaubana mara mbili zaidi. Kufika mlango wa pili wa gari, ganzi iko kiwikoni.

Akapita Kipara, mwenzangu wa kazi, aliyeishika mashine miaka mingi kuliko mimi na bosi tukijumlishwa. Akatazama. Akauliza kama nang'arisha gari au namvalisha mtoto sweta. Nikavaa glavu ya pili juu ya ile ya kwanza. Kichwa changu kikishaamua!

Alhamisi, 6 Machi

Zahanati. Bosi nimemwambia nakwenda kutafuta vitambaa.

Daktari ni binti mdogo tu. Akaniambia nifumbe macho, akawa ananigusa vidole kwa pamba. Nikabahatisha. Tangu shule mimi hodari wa kubahatisha. Hakudanganyika. Akasema niiache mashine wiki sita, na nichunguze kwa nini inatikisika kiasi hicho. Nikiendelea hivi, ganzi huenda isiondoke tena.

Wiki sita! Nikamwuliza daktari nimwambie nini bosi. Akasema: mwambie ukweli. Huyu hamjui bosi wangu.

Miaka minne niliosha rimu kabla ya kupewa mashine. Walisema mwanamke atachubua rangi za watu. Sijachubua hata gari moja. Leo nikisema mikono haifanyi kazi, narudi kwenye ndoo, na wale waliosema watasema: si tulisema?

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kumsuka mama. Yeye hataki kioo. Anapitisha kidole kichwani na kusoma kazi yangu.

"Hii njia ilikuwa inaelekea wapi?"

"Kisogoni, mama."

"Mbona imepitia sikioni kwanza?"

Tukacheka. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Nikamwambia nimechoka, basi. Nikafumua, nikaanza upya, ikapinda palepale.

Jumatano, 12 Machi

Nicheke au nilie? Kipara alinikuta nimeketi juu ya ndoo, mkono kwapani. Akaibandua sponji yangu kutoka kwenye mashine, akaiweka katikati juu ya ncha ya kalamu. Ikainama. Akaigeuza, ikainama upande uleule.

"Sponji yako ina kitambi," akasema.

Akaipasua kwa kisu. Upande mmoja safi. Upande wa pili dawa ya kung'arishia imegandia ndani, ngumu, unaweza kujengea nyumba.

Ni msumari. Msumari wangu! Mimi ndiye fundi msafi hapa gereji. Jioni wenzangu wanatupa sponji zao kwenye beseni. Mimi naiosha yangu, naitundika ukutani kwa kitanzi chake, siku zote kitanzi kilekile, na juu ya msumari nimeandika kwa rangi nyekundu: USIGUSE. Miezi saba. Dawa iliyobaki inashuka upande wa chini, inakauka. Asubuhi nafunga sponji yenye uzito upande mmoja, inazunguka, inanitingisha mpaka meno, nami nailaumu mashine. Na jinsi nilivyowahubiria watu kuhusu usafi! Hadi bosi niliwahi kumpeleka mbele ya ule msumari ajionee.

Kipara akafunga sponji mpya, akahakikisha iko katikati sawasawa. Akaivua mashine sweta langu la godoro. Akapunguza spidi kutoka tano hadi tatu. "Sasa usiikabe," akasema. "Haijakuibia. Uzito wake unatosha, wewe iongoze tu."

Ikatulia. Inanguruma kwa upole, mkono unaielekeza tu, rangi inang'aa kama maji. Nikalia kidogo. Nikasema dawa imeniingia jichoni.

Kuanzia leo sponji italazwa juu ya wavu. Kwenye msumari Kipara ametundika kofia yake.

Ijumaa, 14 Machi

Bosi ameniita mbele ya wote. Jumatatu yanaingia magari matatu meusi, ya mteja mkubwa. Nyeusi haisamehe, kila mkwaruzo unaonekana. "Haya nampa huyu," akasema, akaninyooshea kidole. Mimi! Nikaitikia kabla hajamaliza sentensi.

Kipara akanifuata bombani. Mashine imepona, akasema, na mikono je? Nikamwambia ashughulike na upara wake. Baadaye nikajisikia vibaya, maana alikuwa ananifungulia bomba. Nilikuwa nimeshindwa.

Jumapili, 16 Machi

Naandika haraka, chumbani. Mama yuko sebuleni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Nimetumwa mafuta ya nywele.

Nilianza vizuri. Njia mbili zimenyooka, nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Ya tatu nikavuta nywele pamoja na ncha ya sikio lake, na sikujua. Niliendelea kusuka! Mama hakupiga kelele. Aligeuka, akachukua kitana, akaushika mkono wangu wa kushoto. Nifumbe macho, akasema. Atanigusa kwa jino la kitana, nami nitaje kidole.

Nikafumba. Nikangoja kidogo, nionekane ninapima.

"Cha pete," nikasema.

"Sijakugusa bado."

Nikasema natania. Akasema haya, sasa. Nikasema gumba, kwa uhakika kabisa. Nikafungua jicho moja. Jino la kitana lilikuwa limezama kwenye kidole cha kati, ngozi imebonyea.

Sikuwa na mzaha tena. Nimeutafuta, haupo.

"Mimi nywele nitanyoa, mwanangu," mama akasema. "Wewe mikono utaitoa wapi?"

Kisha akaniambia nikalete mafuta, kana kwamba tutaendelea. Nimekuja huku na kufunga mlango. Naogopa. Haya, nimeandika. Naogopa kuacha mashine na naogopa kuishika.

Mama anaongea peke yake huko sebuleni. Hapana — anaongea na simu. Simu yangu! Nimeiacha kwenye kiti.

"Ndiyo, bosi, mimi ni mama yake. Hapana, hajafa. Wewe kaa kitako kwanza, baba, nikueleze."

Nikamnyang'anye? Mwanamke mzima, nikapigane na mama yangu aliyesukwa nusu? Magari matatu meusi. Bosi mwenyewe alininyooshea kidole.

Sasa mama anasikiliza. Anasikiliza muda mrefu.

Ananiita. Anasema bosi anataka kusema na mimi, niende na hayo mafuta. Naenda. Kopo ninalo mkono wa kushoto. Nadhani ninalo. Ngoja nitazame.